Ufisadi ni deni, na kila mtu anarudisha pesa yake

Ukipanda mathree kutoka Githurai kuja tao asubuhi, kuna pesa unalipa ambayo haiandikwi popote. Tuseme nauli ni soo. Ndani ya hiyo soo kuna mafuta, kuna hesabu ya mwenye gari, kuna ya stage, kuna ya dere na konda. Halafu kuna shilingi kadhaa za yule karao anayesimama kando ya barabara akijifanya anakagua tairi. Konda anatoa mkono dirishani, noti imekunjwa hadi imekuwa ndogo kama ukucha, na wewe uko kwa simu hata huinui macho. Umeona hiyo kitu tangu ukiwa nasari.

Leo nataka tuifuate hiyo noti. Watu wengi wakizungumzia ufisadi huishia kwa karao: ni mlafi, hana haya, Wakenya tumeoza. Hayo nimeyasikia kwa kinyozi, nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwa taarifa ya saa moja jioni, na hayajawahi kunieleza chochote. Tamaa iko kila nchi duniani, hata zile ambako ukimpa askari wa trafiki chupa ya maji anakuandikia kesi. Wengine husema ni mshahara duni. Sawa, mshahara wa askari wa cheo cha chini ni mdogo kweli. Lakini waliokula Goldenberg hawakuwa na njaa. Waliopewa tenda za KEMSA mwaka 2020, wakati wewe unatafuta barakoa ya shilingi 50, hawakuwa wanalala njaa. Umaskini unaeleza kidogo, hauelezi mengi.

Mimi naona hivi. Ufisadi wa Kenya, kuanzia ule wa barabarani hadi ule wa wizara, ni biashara ya kurudisha pesa. Mtu alinunua nafasi. Sasa anarudisha alichotoa, pamoja na faida.

Tuanze na huyo huyo karao. Julai 2014, idara ya polisi ilisajili vijana 10,000 kwa siku moja kote nchini. Unaijua hiyo siku inavyokuwa: uwanja wa shule, vijana wamevua viatu, wanakimbia, wanapimwa urefu, wanaangaliwa meno kama mbuzi wa Kiamaiko. Na nyuma ya goli wazazi wamesimama na simu mkononi. IPOA, ile mamlaka inayochunguza mienendo ya polisi, ilifuatilia zoezi hilo, ikaona kasoro tele, hongo ikiwemo, ikaenda kortini. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafutilia mbali usajili mzima. Aprili 2015, baada ya magaidi kuua wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Garissa, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza vijana hao 10,000 waripoti mafunzoni licha ya uamuzi wa korti. Mei, Mahakama ya Rufaa nayo ikasimama na Mahakama Kuu.

Sitaki uikumbuke hiyo kesi kwa sababu ya mawakili. Ikumbuke kwa sababu ya ng'ombe. Kwa vijiji vingi, nafasi ya polisi inazungumziwa kama kitu chenye bei. Familia inauza ng'ombe wawili, inakodisha kipande cha shamba, mjomba anachangia, chama cha akina mama kinakopesha. Pesa inaenda kwa mtu anayejua mtu. Kijana akipita, siku anavaa sare tayari ana deni la watu saba. Hajashika bunduki, hajafika Githurai, hajaona mathree yako. Lakini noti yako ya asubuhi tayari ina mwenyewe kijijini.

Sisi huku tao tunaona karao. Kule nyumbani wanaona uwekezaji, na uwekezaji lazima uzae.

Na usidhani akishalipa ng'ombe anaacha. Miaka hiyo hiyo Tume ya Huduma ya Polisi ilikuwa inawapiga msasa maafisa, na ilipofika kwa trafiki iliitisha rekodi za M-Pesa. Ah, hapo ndipo mambo yalikuwa matamu. Afisa wa cheo cha chini, mshahara unajulikana, lakini simu yake inaingiza na kutoa pesa kama duka la jumla. Ukiangalia zinakoenda, nyingine zinaenda kwa mkubwa wake. Mara kwa mara, kama kodi ya nyumba. Kumbe hata kusimama kwenye barabara yenye magari mengi ni nafasi yenye mwenyewe, na mwenyewe analipwa. Ukikataa kutuma unajikuta kituo cha mbali ambako gari inapita mara mbili kwa wiki.

Kwa hivyo noti ya konda haikai mfukoni mwa karao. Inapanda ngazi. Na kila ngazi kuna mtu aliyelipa ili akae hapo.

Kabla hujasema hii ni tabia ya Mwafrika, eti tangu zamani chifu alipelekewa kuku, nikukumbushe kitu kimoja ambacho shuleni hutufundisha kwa haraka sana. Mwaka 1971, Tume ya Ndegwa ilitoa ripoti yake kuhusu utumishi wa umma. Moja ya mapendekezo yake ni kwamba watumishi wa serikali waruhusiwe kuwa na biashara zao binafsi wakiwa bado kazini. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikakubali. Fikiria hiyo vizuri. Mtu anayetoa leseni anaruhusiwa kuwa na kampuni inayoomba leseni. Anayenunua madawati ya serikali anaruhusiwa kuuza madawati. Hakuna kuku wa chifu hapo. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wenye suti na digrii, ulioandikwa na kuchapishwa, na tangu hapo ofisi ya umma ikawa na harufu ya duka. Nafasi yenye faida ndani yake lazima itapata wanunuzi. Hiyo hata mama mboga atakuambia.

Sasa tupande juu zaidi, kwa waheshimiwa, kwa sababu hapo ndipo noti huwa nene.

Kuna utafiti uliotolewa 2021 na Westminster Foundation for Democracy pamoja na Netherlands Institute for Multiparty Democracy, kuhusu gharama za kugombea viti Kenya katika uchaguzi wa 2017. Anayetaka ubunge alitumia kwa wastani zaidi ya shilingi milioni 18. Huo ni wastani, na unajumuisha walioshindwa. Chukua mshahara wa mbunge wa siku hizi, takriban 700,000 kwa mwezi kabla ya kodi, toa kodi, uone inakuchukua muda gani kufikisha milioni 18. Zaidi ya miaka mitatu, kama hali, halipi karo ya watoto, haweki mafuta, na hakuna mtu hata mmoja anayempigia kusema mazishi ni Jumamosi. Halafu baki na mwaka mmoja na kitu, na kampeni nyingine ishaanza.

Mtu mwenye akili timamu hawezi kuingia kwa hiyo hesabu akitegemea mshahara. Labda awe tajiri tayari, au awe na watu waliomfadhili wakijua atawalipa kwa tenda, au awe anajua pa kupata. Hizo njia zote tatu zinaishia kwa kodi yako. Kuna mbunge mwadilifu? Wapo, na siwasemi hao. Ninachosema ni kwamba tumeuweka mlango kwa bei ambayo mwadilifu wa kawaida haifikii, kisha tunashangaa ni nani ameingia.

Na historia inakubaliana na mimi. Goldenberg ilianza mapema miaka ya tisini. Kampuni ilidai inauza nje dhahabu na almasi za Kenya, ikalipwa fidia ya asilimia 35 na serikali kwa kuleta pesa za kigeni. Almasi za Kenya! Hata mtoto wa darasa la nne angeuliza zinachimbwa wapi. Lakini angalia tarehe: Desemba 1992 kulikuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu turudi kwa mfumo huo, na Kanu ilikuwa inapigania uhai wake. Pesa ilimwagwa mtaani hadi noti ya 500 ikaitwa Jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la vijana la YK'92. Muulize mzazi wako, atacheka kwanza kabla hajakueleza. Halafu muulize bei ya unga mwaka uliofuata. Mfumuko wa bei wa 1993 ulifika karibu asilimia 46. Hiyo ndiyo risiti ya kampeni, na ililetwa kwa kila nyumba, hata ya yule aliyekataa kuchukua hata Jirongo moja.

Miaka michache baadaye, chini ya serikali iliyoingia ikiimba kumaliza ufisadi, ikaja Anglo Leasing: mikataba ya pasipoti na maabara ya uchunguzi wa jinai, kampuni ambazo hata ofisi zake zilikuwa za kutafutwa na tochi. John Githongo, aliyekuwa katibu wa masuala ya maadili Ikulu, alijiuzulu 2005 akiwa Uingereza. Baadaye alidai kuwa lengo lilikuwa kufadhili kampeni za 2007. Serikali mbili, vyama tofauti, na hoja ile ile: uchaguzi unakuja na lazima pesa itoke mahali.

Mahali penyewe ni mfukoni mwako, ukipenda usipende.

Najua kuna msomaji hapa anasema, sasa huyu blogger anatulaumu sisi tuliochukua soo mbili za kampeni? Hapana, na nitakuambia kwa nini. Mtu ambaye hajala tangu jana ukimpa 200 atachukua, na usimsimamie kichwani na mahubiri. Amejua kwa uzoefu kwamba baada ya kura hataona kingine. Soo mbili kwa mkono ndiyo huduma pekee ya serikali aliyo na uhakika nayo. Yeye pia anarudisha pesa yake, tena ya kodi aliyolipa kwa unga, sukari na mafuta ya taa. Kilio changu ni kwamba anarudishiwa soo mbili kisha anatozwa maelfu bila kuambiwa.

Halafu kuna basari. Hii inanikera kwa njia ya pekee, wacha niseme. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilimshinda mamangu na mimi nilikuwa nimechoka kufukuzwa chumba cha mtihani. Kabla ya hapo nilipeleka fomu ya basari kwa ofisi moja, na karani hata hakufungua karatasi za matokeo. Aliangalia jina langu, akauliza, "Na wewe ni mtu wa nani?" Nikamwambia mimi ni mtu wa mamangu. Wenye walikuwa kwa foleni walicheka, yeye hakucheka, na basari sikupata.

Lakini fikiria lile swali. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile tunaita CDF, ilianzishwa kwa sheria mwaka 2003. Ni pesa ya kodi. Sasa nenda sherehe ya kugawa hundi za basari uone. Hundi ni kubwa kama mlango, uso wa mheshimiwa umechapishwa juu yake, wazazi wanaimba, mwanafunzi anapiga magoti kushukuru. Anashukuru kwa pesa yake mwenyewe! Ukishashukuru hivyo una deni. Siku mheshimiwa huyo akiitwa na EACC, utaona wale wale wazazi kwa basi wakienda Integrity Centre kuimba kwamba mtoto wao anaonewa. Si kwamba hawajui. Wanalipa deni. Haki ikigeuzwa zawadi, aliyepewa hawezi kuuliza maswali, na hapo ndipo ufisadi hujipatia walinzi wasiolipwa.

Kuna ndugu yake huyo, anaitwa harambee. Ilianza kama kitu kizuri kabisa, watu kujenga shule kwa mikono yao. Ikageuka mahali pa kupima nani ana gunia kubwa. Mwaka 2003 tulipata sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliyowakataza kutumia ofisi kuitisha michango. Julai 2024, baada ya vijana kuingia barabarani, Rais Ruto akasema maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Novemba mwaka huo huo, alienda Kanisa Katoliki la Soweto pale Kayole akatoa zaidi ya milioni 2, na kilichofuata sikukitarajia: Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema pesa irudishwe. Machi 2025 ikawa zamu ya kanisa moja la Roysambu, kuahidiwa milioni 20, na Jumapili iliyofuata vijana wakafika nje kuuliza zinatoka wapi, wakakutana na vitoa machozi. Jumapili asubuhi, vitoa machozi nje ya kanisa, kwa sababu ya swali.

Mimi sikuona kitu cha ajabu katika swali hilo. Mpangaji mwenzako akija na friji mpya na unajua hana kazi, huwezi kosa kuuliza.

Sasa hapa lazima nikuletee David Munyakei, kwa sababu sipendi wanavyomsahau. Alikuwa karani Benki Kuu, kijana wa umri wetu, kazi mpya kabisa. Karatasi za Goldenberg zilikuwa zinapita mezani pake na hesabu hazikuingiana. Akauliza, hakujibiwa. Akapeleka nakala kwa wanasiasa wa upinzani na mambo yakalipuka. Mwaka 1993 akakamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na hata kesi ilipoanguka hakurudishiwa kazi. Alihangaika. Alipewa tuzo baadaye, lakini tuzo hailipi kodi ya nyumba. Alifariki mwaka 2006, maskini. Upande wa pili, kesi za wakubwa wa Goldenberg zilivutwa, zikasukumwa, zikazeeka kortini.

Nimesema ufisadi ni deni, basi angalia Munyakei alilipa nini kwa kutoshiriki. Kazi, afya, ujana. Wenzake ofisini walikuwa wakiangalia. Unafikiri walijifunza nini? Mwaka 2015 hela za NYS zilipoanza kupotea, na 2018 zikapotea tena, kulikuwa na makarani pale pia. Kulikuwa na mtu aliyeona karatasi. Mtu huyo ana watoto, ana mkopo wa sacco, na amesikia habari ya Munyakei hata kama halijui jina lake. Mpaka leo mswada wa kuwalinda wanaofichua unazungushwa Bungeni kama mpira wa makaratasi. Hakuna haraka, na unaelewa kwa nini.

Kwa hivyo hesabu ya kijana anayeingia ofisi ya umma leo iko hivi. Ukila, una uwezekano mkubwa wa kujenga, kuoa na kuitwa mheshimiwa kwenye mazishi. Ukikataa, unaitwa mjinga nyumbani na msaliti kazini. Mama mzazi atakuuliza mbona mtoto wa jirani, aliyeajiriwa juzi, ashaweka mabati. Tunafundisha maadili kwa hotuba na tunafundisha wizi kwa mifano, halafu tunafanya mtihani na kushangaa matokeo.

Kwa kuwa nimetaja mtihani: Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imepata zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti ghushi. Elfu mbili. Mimi sina digrii na sijawahi kujifanya ninayo, naandika nikiwa kwa keja ya Kasarani na intaneti ya jirani. Kumbe kuna watu walikuwa wamekaa kwa ofisi zenye zulia wakiwa na karatasi kama za River Road, wanaamua nani aajiriwe. Sasa niambie, mtu aliyenunua cheti kisha akanunua kazi, akikuona na faili lako safi anaona nini? Anaona mteja.

Na mteja lazima asubirishwe. Hapa tupite haraka kwa sababu wewe mwenyewe ni shahidi. Foleni Kenya mara nyingi inatengenezwa. Mwaka 2023 pale Nyayo House pasipoti zilikwama, mashine mbovu, vijana wana kazi Qatar na Saudia zinawangoja na viza zinaisha. Ghafla wakatokea madalali ambao kwao mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Waziri wa wakati huo, Kithure Kindiki, alienda mwenyewe na baadhi ya maafisa wakakamatwa. Ona jinsi inavyofanya kazi: huduma inayopatikana kwa siku tatu haina bei ya pembeni. Huduma inayokwama miezi minne ina bei. Anayeketi juu ya hiyo foleni, ambaye pengine alilipia hicho kiti, hana sababu hata moja ya kutaka iishe. Huduma Centre na eCitizen zilipokuja, kuna vitu vilirahisika kweli, cheti cha tabia njema kwa mfano. Sijaona dalali wa kitu ambacho unaweza kulipia ukiwa kitandani.

Hiyo inanipa tumaini kidogo, nisiseme uongo. Deni linaweza kukatwa. Ukikata bei ya kuingia, anayeingia hana cha kurudisha.

Ndiyo maana nimechoka na mjadala wa kunyonga wafisadi. Kila mara kwenye X mtu anasema tufanye kama China. Sawa, tumenyonga mmoja, na kiti chake kinauzwa Jumatatu. Mimi ningetaka tugombanie kitu kinachoboesha zaidi ambacho wakubwa wanaogopa zaidi: bei ya kampeni. Tuna Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013. Inasema kuwe na kikomo cha matumizi, na wagombea waseme pesa wametoa wapi. Uchaguzi wa 2017 ulipita bila hiyo sheria kufanya kazi, maana Bunge liliisimamisha. Agosti 2021 IEBC ikatangaza viwango kwa ajili ya 2022, wabunge wakazitupa kanuni hizo, na tukapiga kura tena bila kikomo. Hakuna aliyeandamana. Sisi wote tulikuwa tunabishana kuhusu mahasla na nasaba.

Kwenye chati ya Transparency International ya mwaka 2024 Kenya ilipata alama 32 kwa 100, nambari 121 kati ya nchi 180. Watu walilalamika siku mbili, memes zikapigwa, tukaendelea. Lakini sheria moja inayolala ndani ya kabati la Bunge haina memes.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Tayari kwa base yetu kuna jamaa anakuja na gari nyeusi, analipia vijana chai, anasajili timu ya soka, ananunua jezi zenye jina lake mgongoni. Sijui anafanya kazi gani, na hakuna mtu amemuuliza. Jezi ni safi, siwezi kukataa. Watu wanamsifu kwamba ana roho ya kutoa. Jumapili iliyopita nilisikia akisema ametumia milioni tatu tangu Januari na hajachoka, na watu wakapiga makofi. Mzee mmoja anayeuza viazi karanga pale kando aliuliza kwa sauti ya chini, "Na hiyo ataitoa kwa nani?" Wawili watatu wakamtazama, kisha mpira ukaanza.

Sheria ya 2013 inaitaka IEBC kutangaza viwango vya matumizi angalau mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, na kanuni zake lazima zipite mikononi mwa wabunge wale wale wanaotaka kurudi. Unakumbuka Juni 2024, namba za simu za waheshimiwa zilipozunguka WhatsApp na tukaambiana tuwasalimie kuhusu Mswada wa Fedha? Namba nyingi bado zinafanya kazi. Yangu ya mbunge wa kwetu niliihifadhi, na nilimtumia swali hilo la kanuni wiki iliyopita. Tiki mbili za buluu. Hajajibu bado.